Fadlu kaondoka, mimi nauliza nani anabaki Simba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme lililo moyoni kuhusu klabu yangu ya Simba na kocha wetu Fadlu Davids, aliyetuacha akaenda Raja ya Morocco. Mimi ni mama muuza mihogo ya kukaanga hapa Chang'ombe, kando ya barabara wanayopita watu wanaokwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mwaka wa kumi na sita huu niko palepale, na jiko langu lilelile la mkaa. Mpira unanilisha na mpira unaniumiza, kwa hiyo ninayoandika hapa sikuyaokota njiani.

Jumatatu ya Septemba 22, 2025 kijana mmoja wa bodaboda, mteja wangu wa kila siku, alisimamisha pikipiki bila hata kuteremka. Uso umemshuka. "Mama, Fadlu kasepa. Anarudi Raja." Nilikuwa nimemimina karai zima na mihogo ndiyo kwanza inaanza kubadilika rangi. Nilisimama na chujio mkononi nikimsikiliza, nilipogeuka karai lote limeungua. Mafuta nayo yakaharibika. Sikujali. Siku mbili kabla tulikuwa tumetoka kushinda Botswana, 1-0 dhidi ya Gaborone United, bao la Elie Mpanzu, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwamba tumeingia hatua ya makundi.

Tangu siku hiyo genge langu limegeuka bunge. Watu wananunua fungu la mia tano, wanakaa saa mbili. Kijana wa bodaboda anasema Fadlu ametusaliti, huwezi kuiacha timu katikati ya mechi mbili za Afrika. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, Simba wa zamani kabisa, anasema aende salama, kwani mtu gani anakutana na Yanga mara nne na anafungwa zote nne? Anazitaja kwa vidole: Ngao ya Jamii Agosti 2024, 1-0. Ligi Oktoba 2024, 1-0. Juni 25 mwaka huu, siku ya kuamua bingwa, 2-0. Ngao tena Septemba 16, 1-0, Pacome Zouzoua. Mabao matano tumefungwa, sisi hatukufunga hata moja. Mzee akifika hapo hukunja vidole vyote na kunyamaza.

Na mimi sitaki kumbishia mzee kwa hizo mechi nne. Zimeniuma kama zilivyomuuma. Lakini lazima tumtendee haki mtu aliyeondoka. Msimu uliopita Simba ilicheza mechi 30 za ligi, ikashinda 25, ikatoka sare 3, ikapoteza 2 tu, na hizo mbili ni za Yanga. Pointi 78. Miaka mingi pointi 78 ni ubingwa na sherehe hadi asubuhi. Tuliikuta Yanga ina 82. Na kikosi chenyewe kilikuwa kipya karibu chote, vijana waliokusanywa Julai 2024, wengine hatujawahi hata kusikia majina yao. Jean Charles Ahoua alikuja hapa hajulikani, akamaliza na mabao 16 akiwa mfungaji bora wa ligi. Kazi hiyo haikujifanya yenyewe.

Kisha kuna Mei 25, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane. Naomba niseme kidogo kuhusu siku hiyo.

Nilivuka Zanzibar kwa boti ya asubuhi na dada yangu, nauli tuliitoa kwenye kibubu nilichokuwa nimemwekea mwanangu vitabu vya shule. Nilimwomba ruhusa, akaniambia, "Nenda mama, lete kombe." Berkane walikuwa wametufunga 2-0 kwao Morocco, kwa hiyo tulijua mlima ulivyo. Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga, na Uwanja wa Amaan ukatikisika hadi nikamshika dada bega nisianguke. Ikawa imebaki moja. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, tukawa kumi. Na kumi wale wakacheza! Steven Mukwala akaweka mpira wavuni, tukalia kwa furaha, mwamuzi akaitwa kwenye ile video, bao likafutwa. Dakika za nyongeza wakasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Berkane.

Hatukutoka uwanjani. Mimi na dada tulibaki tumekaa mpaka taa nyingine zimeanza kuzimwa. Nilikuwa namfikiria marehemu baba. Baba alikuwa kuli bandarini, na mwaka 1993 alinibeba hadi Uwanja wa Taifa, huu wa zamani tunaouita Uhuru sasa, nikiwa na miaka 15. Simba ilikuwa imetoka sare ya 0-0 kule Abidjan na Stella, fainali ya Kombe la CAF. Dar es Salaam nzima ilijua kombe limeshafika, kazi ni kulinyanyua tu. Tukafungwa 2-0 nyumbani. Tulirudi kwa miguu mpaka Temeke Mikoroshini, baba amebeba viatu mkononi, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini amevivua. Alisema neno moja tu njia nzima: "Mwakani tutarudi." Hatukurudi fainali ya Afrika hadi mwaka huu, miaka 32, na baba hayupo.

Kwa hiyo Fadlu Davids, kwangu mimi, ni mtu aliyenirudisha alikoniacha baba. Siwezi kumwita msaliti. Raja anakujua, alikuwa kocha msaidizi pale msimu wa 2023/24 walipochukua ubingwa wa Morocco bila kufungwa. Wamemwita awe kocha mkuu. Kuna mtu hapa gengeni angekataa?

Jambo ninalotaka kulisema liko hapa, Mhariri, na nimesubiri wiki nzima bunge langu lilifikie, halikufika. Tunabishana kama Fadlu ni mbaya au mzuri kana kwamba ndiye wa kwanza kuondoka. Hebu tukumbuke vizuri. Sven Vandenbroeck alitufikisha makundi Januari 2021 kwa kuwafunga FC Platinum 4-0 hapa hapa Mkapa, na kabla hatujamaliza kushangilia akawa ameaga. Akaenda FAR Rabat. Zoran Maki alikuja katikati ya 2022, Septemba yuko Misri na Al Ittihad ya Alexandria. Abdelhak Benchikha akaondoka Aprili 2024, msimu uliofuata yuko Algeria na JS Kabylie. Sasa Fadlu, Raja. Hao ni wanne, na wote wamekwenda kaskazini mwa Afrika. Hapo sijawataja walioachana na klabu kwa matokeo mabaya: Gomes baada ya ile aibu ya kutolewa na Jwaneng Galaxy Oktoba 2021, Pablo Franco, Robertinho baada ya kufungwa tano na Yanga Novemba 2023. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari iliyofuata baada ya Gomes kuondoka hajamaliza la nne, na ameshaona makocha wangapi.

Timu za Kiarabu zina fedha kuliko sisi, na sisi tumekuwa mahali pa kupimia makocha. Akifanya vizuri kwenye michuano ya Afrika na Simba, wanamwona, wanampigia simu. Itatokea tena. Kocha yeyote mzuri tutakayemleta mwezi ujao ataondoka, na akiwa mbaya tutamfukuza sisi. Vyovyote iwavyo ataondoka. Sasa klabu inayojua hivyo kwa nini kila safari inakutwa haijavaa?

Safari hii tumekutwa uchi kabisa. Fadlu hakuondoka peke yake, kaondoka na watu wake wa benchi la ufundi. Mechi ya marudiano na Gaborone, Septemba 28, ikabidi tumwazime Hemed Suleiman Morocco, kocha wa Taifa Stars wakati huo, aje atushikie timu. Namshukuru, tumevuka kwa jumla ya 2-1. Mechi yenyewe ilichezwa bila mashabiki. Jumapili ile nilimenya nusu gunia badala ya magunia mawili, na hata hiyo nusu haikuisha. Tulikaa watu sita kuzunguka redio, geti la uwanja tunaliona, timu yetu iko ndani, na sisi tunaisikia kutoka redioni kama tuko Kigoma. Waliposawazisha hakuna aliyesema kitu. Fundi pikipiki wa jirani, ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, alikuja akakaa na sisi na hakutania hata mara moja. Nikajua mambo ni mabaya.

Huyo fundi ndiye aliyesema neno lililonifanya nichukue kalamu. Siku iliyofuata alikuja kula mihogo, akaniambia, "Dada, sisi pia wanatuacha. Mbona hatufi?"

Nilikaa nikalitafakari. Kweli. Nasreddine Nabi aliwapeleka Yanga fainali ya Shirikisho 2023, akawapa ubingwa mara mbili, mmoja wao bila kufungwa, akaondoka akaenda hukohuko FAR Rabat. Gamondi akaja, akachukua ubingwa, wakamwondoa Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na Tabora United mfululizo. Ramovic akaja, Februari mwaka huu kaenda Belouizdad, Algeria, ligi ikiwa katikati na sisi tuko mgongoni mwao tunawapumulia. Wakamchukua Hamdi Miloud kutoka Singida, wakaendelea kushinda kama hakuna kilichotokea. Makocha wanne, mataji manne ya ligi mfululizo. Inauma kuyaandika haya, lakini nikiyaficha barua yangu haina maana.

Wao kocha akiondoka, anayekuja anamkuta Djigui Diarra golini tangu 2021. Anawakuta Dickson Job, Bakari Mwamnyeto, Ibrahim Bacca, watu wanaojuana mpaka kikohozi. Kocha mpya anaingia kwenye nyumba ina wenyewe. Kwetu anaingia anakuta wageni wenzake.

Nani alikuwa mwenyeji kwetu? Mohamed Hussein, Tshabalala. Alikuja 2014 kutoka Kagera Sugar, kijana mdogo, akakaa miaka 11. Amewaona makocha Omog, Lechantre, Aussems, Sven, wote hao niliowataja na niliowaruka. Amekuwa nahodha. Mwaka huu kaondoka, na kaenda wapi? Jangwani, kwa Yanga. Siku picha yake na jezi ya kijani ilipotoka mwanangu aliniuliza kama imetengenezwa na kompyuta. Clatous Chama naye mwaka uliotangulia, Jangwani vilevile. Sijui kilichosemwa kwenye vyumba vya mazungumzo na sitamlaumu mchezaji anayetafuta riziki, lakini naona klabu inayohangaika kumtafuta kocha dunia nzima na kumwacha nahodha aliyekaa miaka 11 avuke mtaa wa pili.

Na kwenye benchi ni hivyohivyo. Watanzania wetu tunawaita nyumba ikishika moto. Septemba 2022 Zoran alipoondoka alikuja Juma Mgunda kutoka Coastal Union. Akawatoa Nyasa Big Bullets nyumbani na ugenini. Akaenda Luanda akaifunga Primeiro de Agosto 3-1 kwao, tukarudiana tukashinda tena, tukaingia makundi. Tukamwita Guardiola Mnene kwa mapenzi. Januari tukamleta Robertinho, Mgunda akarudishwa kiti cha pembeni. Benchikha alipoondoka 2024, nani aliitwa? Mgunda tena, amalizie ligi. Ligi ikaisha, tukatafuta kocha mpya. Nakumbuka mwaka 1993 aliyetupeleka fainali alikuwa Abdallah Kibadeni, mtoto wetu, aliyewafunga Yanga mabao matatu peke yake katika zile 6-0 za 1977. Fainali mbili za Afrika katika umri wangu wote, na moja kati yake ni ya Mtanzania.

Mtu mwingine ni Seleman Matola. Alikuwa kiungo wa kikosi cha 2003 kilichowavua Zamalek ubingwa wa Afrika palepale Cairo kwa penalti. Alikuja kuwa kocha msaidizi Desemba 2019, wakati wa Sven. Amekaa na Sven, na Gomes, na Pablo, na Fadlu. Ameona jinsi kila mmoja anavyopanga mazoezi ya wiki, anavyosoma wapinzani, anavyozungumza na mchezaji aliyekosa penalti. Je, klabu imewahi kumkalisha chini na kuandika alichojifunza? Au anangoja tu kumbebea koni kocha mwingine?

Naomba nitoe mfano wa kwangu, mdogo. Mwaka 2022 nililazwa wiki saba. Chachandu yangu ndiyo inayoniletea wateja, nilifundishwa na mama, ukwaju na pilipili mbuzi na kitu kingine ambacho sikitaji hapa. Miaka yote nilikuwa naificha. Mwezi mmoja kabla sijaumwa nilimwonyesha binti anayenisaidia kumenya, hatua kwa hatua, mpaka akaipika peke yake na mimi nimekaa. Nilipolala hospitali genge halikufungwa hata siku moja. Niliporudi mzee wa bandari aliniambia, "Ulikuwa wapi? Nilidhani umesafiri." Hawakuonja tofauti. Wiki saba zile ada ya shule ililipwa.

Sina digrii ya michezo. Ila ninaomba viongozi wa Simba, na upande wa mwekezaji mwenye asilimia 49 na upande wetu wanachama wenye 51, watujibu haya kabla ya kututangazia jina jipya. Kocha atakayekuja atakuja na wasaidizi wake, sawa. Je, watakuwepo Watanzania wawili vijana kwenye benchi hilo wenye mkataba na klabu na siyo na kocha, watakaobaki siku atakapoondoka? Mazoezi yake, ripoti zake za wapinzani, taarifa za miili ya wachezaji, vitabaki Bunju, kwenye uwanja wetu wa mazoezi, au vitapanda ndege naye? Mkataba wake unasema nini timu ya kaskazini ikipiga simu katikati ya mashindano? Na Shomari Kapombe, aliyekaa na sisi muda wote huu, naye tutamwacha aondoke kama Tshabalala, au tutamwambia mapema kwamba hapa ni kwake hata akitundika viatu?

Kijana wa bodaboda amesoma barua hii kabla sijaituma. Kasema ni ndefu, na kwamba watu wanataka kujua nani anakuja, hawataki mambo ya nani anabaki. Nimemwambia mwezi ujao tunacheza na Nsingizini Hotspurs ya Eswatini, nusu ya wachezaji wetu watakuwa wanajifunza jina la kocha mpya, na yeye kocha anajifunza majina yao. Akakuna kichwa, akaomba aongezewe kachumbari.

Mkutano mkuu wa wanachama ukiitishwa nitamwachia binti jiko siku hiyo. Nitakwenda na kadi yangu na karatasi yenye maswali haya haya, na nitanyoosha mkono mpaka nipewe kipaza sauti.

Mama Mihogo,
Mwanachama wa Simba,
Chang'ombe, Temeke, Dar es Salaam.
Septemba 30, 2025